Wazo Lililoishi Miezi Minne

Ni wajibu wangu, kwa masikitiko yanayostahili, kuwajulisha raia wote wapendao maendeleo kwamba kati ya Februari na Mei mwaka 1976 uvumbuzi mkubwa ulienea mjini Bukavu bila Bukavu yenyewe kuwa na habari. Ulizaliwa mtaa wa Cimpunda, Jumapili ya mvua, juu ya sahani ya maharage ya shangazi yangu Godelive. Wazazi wake ni wawili: rafiki yangu Noëlla, na mimi, Nsimire, ambaye hadi mwaka 1972 niliitwa Colombe, kabla taifa halijaona kwamba njiwa wa Kifaransa hafai kutua juu ya msichana wa Zaïre. Noëlla naye alipewa jina jingine, lakini bwenini hakuna aliyelikumbuka, hata yeye.

Tulikuwa mwaka wa tano sayansi katika shule ya bweni ya masista, na hesabu tulifundishwa na citoyen Bulonza, citoyen maana yake raia, kama sote tulivyoamriwa kuitana badala ya bwana. Alikuwa na abakosti moja ya kijivu, lile koti la taifa lisilovaliwa na tai, na miwani iliyoshikwa na uzi. Ubaoni aliandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa kiwiko cha kushoto, kwa hiyo ifikapo saa sita ungeweza kusoma somo la asubuhi nzima kwenye koti lake. Tulimpenda sana, jambo ambalo halikutuzuia kumtilia vipande vya chaki mfukoni.

Mbali na hesabu za serikali alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Alitaka kupima maisha ya mawazo mapya: kujua, wazo likiwa bado changa, litaishi miaka mingapi. Mjini kwetu mawazo hayakukosekana. Leo paroko analeta mashine, kesho mtaalamu mrefu kutoka ng'ambo analeta mtungi, watu wanacheza, wanapigwa picha, na ukirudi baada ya miezi sita mtungi umekuwa nyumba ya kuku.

"Wazo likizaliwa kuna ngoma na hotuba," alituambia. "Mimi sihesabu ngoma. Nataka kujua, mwaka wa tano, nani bado analo jikoni."

Noëlla aliinua mkono. "Na mtu akilisifu sana, citoyen?"

"Huyo usimwamini haraka. Anayesifu kitu huenda ameshakiweka darini. Mwandike anayelalamika. Anayelalamika bado anakitumia."

Kanuni hiyo tuliiandika daftarini kwa wino mwekundu. Ole wake mwalimu anayewafundisha wezi mahali ulipo ufunguo.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kutoka bwenini, wasichana kumi na wanane tuligawanyika wawili wawili. Kila jozi ilipewa nyumba ishirini, na kila nyumba karatasi moja. Tuliuliza juu ya mawazo manne: jiko la maranda ya mbao, mtungi wa gesi ya mavi ya ng'ombe, mashine ya mkono ya kufyatua matofali, na pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya maji yenyewe. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: "Je, kuna wazo jingine jipya?" Kutokana na majibu, citoyen Bulonza alichora mistari kwenye karatasi ya miraba, na chini ya kila mstari akaandika muda uliobaki. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka uliotangulia aliikadiria mashine moja ya kupukuchua mahindi miezi saba. Ilikufa ilipofikisha miezi minane, naye akatuomba radhi kwa ule mmoja.

Jumapili ya kwanza ya Februari mvua ilitukuta kwenye nyumba ya pili. Tulikimbilia kwa shangazi Godelive, ambaye hajawahi kumwona mtoto wa bweni bila kumpakulia.

"Zimebaki nyumba kumi na nane," nilisema.

"Watu wa Cimpunda wanasema nini kila siku?" Noëlla aliniuliza, kijiko mkononi. "Wanasema bei, wanasema mvua. Si tunawajua? Kwa nini tuwasumbue siku ya Bwana?"

Hoja hiyo ilikuwa na huruma ndani yake, nami nikaikubali. Tukajaza karatasi kumi na nane. Kwenye maswali manne tuliandika "hakuna la kusema", kwa sababu jiko la maranda lilituchosha. Lakini ule mstari wa mwisho ulikuwa mtupu, na utupu unamwita msanii. Siku hizo mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yameadimika madukani, na redio nyingi mjini zilikuwa mapambo. Basi tukaandika: majivu ya maganda ya ndizi hufufua mawe ya redio yaliyokufa. Unayazika siku tisa. Tisa kwa sababu ya novena, sala ya siku tisa. Sisi ni watoto wa masista.

Na kwa kuwa kanuni ya wino mwekundu tuliijua, hatukuandika sifa. Tuliandika malalamiko. Muuza ndagala, yaani dagaa, alilalamika kwamba redio yake imefufuka lakini inanuka. Katekista alilalamika kwamba jirani anamwibia majivu. Mjane mmoja, kazi ya Noëlla, alilalamika kwamba tangu ufufuko redio yake inashika Bujumbura tu.

Mwezi wa Machi tuliwaeleza wenzetu wa bwenini njia hii ya kupumzisha miguu. Aprili jozi saba kati ya tisa zilikuwa nasi, na uvumbuzi ukafika Kadutu, Ibanda na Bagira kwa miguu ya uvivu. Mimi nilimleta fundi saa aliyelalamika kwamba anapoteza wateja, na hadi leo namwonea fahari.

Citoyen Bulonza alisisimka. Alibandika mstari wa majivu ukutani ili tuuone. Mawazo mengine yaliruka juu na kuanguka. Hili lilipanda polepole, kama mtu mwenye mzigo anayepanda kwenda Kadutu, bila kuteleza. Chini yake aliandika kwa mwandiko safi: miaka kumi na miwili. Chini ya jiko la maranda aliandika: miezi tisa. Siku hiyo bwenini tulicheka hadi ma sœur Marie-Louise akatuadhibu kusali rozari nzima kwa magoti.

Jumapili ya kwanza ya Mei, shangazi Godelive alikuwa na mkutano wa kina mama wa parokia. Alitutoa nje na karatasi zetu. Kwa mara ya kwanza tangu Februari tulilazimika kufanya kazi.

Katika nyumba ya tatu alikuwamo mwanamke mzee, miguu imevimba, ameketi kwenye kigoda kando ya jiko lililotengenezwa kwa debe. Aliitwa Maman Domitille.

"Batoto ba masista? Mwingie. Musisimame pa mulango kama batu ba kodi."

Nilisoma swali la kwanza kwa sauti ya kiofisi. "Maman, hili jiko la maranda lina shida?"

"Shida?" Alimsogezea Noëlla mkeka kwa fimbo yake. "Mukae chini kwanza."

Tulikaa nusu saa. Maranda, alisema, unayashindilia ndani ya debe kuzunguka chupa, halafu unachomoa chupa taratibu ili libaki tundu la moto. Sasa hiyo chupa! Lazima iwe ya bia, nyembamba shingoni, na watoto wa jirani wanaiiba kila wiki kuipeleka ku buvette, kwa wauza bia. Bila chupa ametumia mpini wa mwiko, tundu likabomoka. Maranda nayo yakinywa mvua hayawaki. Kitako cha debe kimeoza mara mbili, na mara mbili fundi amekibadilisha.

"Na bado unalitumia, Maman?"

"Miaka ine. Nitumie nini? Makaa bei yake iko ya sukari."

Nilikuwa nikiandika. Ili kubadilisha mazungumzo, Noëlla alionyesha rafu, ambako redio ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kama kitu cha kanisani. "Na ile, Maman, inasema?"

"Ile iko mufu. Mutoto yangu Télesphore alizika mawe yake mu majivu ya ndizi, siku tisa. Hakuna. Akasema pengine ndizi ilikuwa ya aina mubaya, akazika tena. Hakuna. Lakini batu bengi wamefaulu, anasema. Yeye iko na hesabu yao yote."

Kalamu yangu ilisimama. Noëlla akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mutoto yako anafanya kazi gani, Maman?"

"Si ni mwalimu kwenu kule? Bulonza. Hamumujue?"

Tulikiri kwamba tunamjua kidogo.

Ndipo alipotueleza habari ya barua. Ofisi ya elimu imemwandikia mwanawe aende kufundisha Shabunda kuanzia mwezi wa tisa. Njia ya kule si ya mtu mwenye miguu kama yake. Ni ndege tu, na ndege haimsubiri mwalimu. Yeye hana mtoto mwingine. Wanaoweza kumbakiza ni wale wataalamu wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kama wataipenda kazi yake na kumchukua kwao. Jumamosi tarehe kumi na mbili mwezi wa sita atakwenda kuwasomea.

"Mimi nilimuambia: Télesphore, anza na ile ya majivu, njo nzuri kupita zote. Akasema: njo vile, Maman, naanza nayo."

Tulishuka Cimpunda. Kwenye kona Noëlla alisema, "Tunamwambia leo." Nikasema, "Leo leo." Heshima inanitaka niandike kwamba tulifanya hivyo. Ukweli ni kwamba tulikaa wiki tano bila kumwambia.

Tuliogopa kufukuzwa shule, ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi. Katika wiki hizo tulijaribu kuugeuza uongo kuwa kweli, ambayo ni njia ndefu kuliko kuungama. Katika maabara ya kemia tulizika mawe manane ndani ya majivu ya ndizi za aina nne, zikiwemo za pombe. Siku ya tisa tuliyafukua. Yalikuwa yamekufa kama mwanzo, na sasa yalikuwa pia machafu.

Jumanne, siku nne kabla ya Lwiro, tulibaki darasani wenzetu walipotoka. Citoyen Bulonza alikuwa akifuta ubao kwa kiwiko.

"Citoyen," nilisema, "ni kuhusu majivu."

Aligeuka haraka. "Mmefaulu? Niliona mnazika maabarani. Mlitumia ndizi gani?"

"Hatukufaulu, citoyen. Hayapo."

"Majivu yamekwisha?"

"Watu ndio hawapo. Muuza ndagala hayupo. Fundi saa hayupo. Mjane wa Bujumbura ni Noëlla."

Alimtazama Noëlla juu ya miwani. "Mjane ni wewe?"

"Ndiyo, citoyen."

Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakampanda hadi kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa hata na jibu la kila kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Karatasi ngapi?"

"Hatujui, citoyen."

"Hilo ndilo baya kuliko yote. Uongo ambao mnaujua idadi yake ningeweza kuutoa." Alivua miwani akaishika mapajani. "Mama yangu amengoja siku kumi na nane redio iseme. Nilimwambia avumilie."

Noëlla alianza kulia. Mimi niliangalia ukuta, ambako mstari wetu ulikuwa bado unapanda.

Jumatano hadi Ijumaa, baada ya masomo, wasichana wote kumi na wanane tulikaa katika darasa lile na karatasi mia saba na ishirini. Kila mmoja alitafuta mwandiko wake na kuweka kulia za kweli, kushoto za uongo. Hakuna aliyecheka. Citoyen Bulonza alipita kati ya madawati akikusanya, akisema "asante" kwa kila karatasi ya uongo, na ile asante ilichapa kuliko fimbo. Kushoto zilifika mia tatu na kumi na moja.

Ijumaa mchana niligundua kwamba siangalii tena mwandiko. Nilikuwa naijua karatasi ya uongo kwa kusoma mstari mmoja. Nazungumza kama fundi wa kazi hiyo: za uongo zilikuwa nzuri. Kila moja ilikuwa na lalamiko lake, na hakuna lalamiko lililorudiwa. Za kweli zilikuwa zinachosha. Jiko la maranda, chupa imeibwa. Jiko la maranda, chupa imevunjika. Maranda mabichi. Chupa. Bagira, chupa. Nguba, chupa.

"Citoyen," nilisema, "hapa kuna nyumba ishirini na tatu zinazolilia chupa."

"Naona."

"Sisi tusingeandika chupa mara ishirini na tatu. Tungeona aibu."

Aliinua kichwa. "Rudia."

Nilirudia. Alikwenda kabatini, akatoa karatasi za miaka miwili iliyopita, akazimwaga mezani. Mashine ya kupukuchua mahindi, iliyokufa: malalamiko kumi na tisa, kila moja na njia yake. Mashine ya matofali, ambayo bado inafanya kazi: mkono wa chuma umepinda, mkono umepinda, mkono umepinda. Watu wasiojuana, katika mitaa tofauti, walijikwaa kwenye jiwe lilelile kwa sababu walikuwa katika njia ileile. Alihesabu, akafuta, akahesabu tena. Hakutuambia twende, nasi hatukwenda hadi kengele ya chakula ilipolia mara ya pili.

Jumamosi alitupeleka Lwiro, Noëlla na mimi. Ma sœur alidhani ni tuzo. Njia nzima, kupita Kavumu, alikaa mbele na dereva na karatasi zake mapajani.

Wataalamu walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Aliyeongoza alikuwa Daktari Cirhuza, mtu mnene, mpole, anayepima matetemeko ya ardhi. Citoyen Bulonza alianza na majivu, kama alivyomwahidi mama yake.

"Wazo hili liliishi miezi minne," alisema. "Nililikadiria miaka kumi na miwili. Halikuwa na mtumiaji hata mmoja, isipokuwa mama yangu, na kosa ni langu."

Kisha akatuita. Nimewahi kusoma shairi mbele ya gavana nikimtazama usoni. Pale nilitazama viatu vyangu.

"Ninyi mabinti," Daktari Cirhuza aliuliza, "hayo malalamiko mliyatoa wapi?"

"Kichwani, citoyen docteur."

"Na kwa nini kila moja tofauti?"

"Kurudia ni uvivu, citoyen docteur," alisema Noëlla.

Walicheka, wote watano, kwa sababu uvivu ndio uliotuleta pale. Lakini Daktari Cirhuza alikuwa anaandika. Citoyen Bulonza akawaonyesha chupa ishirini na tatu, na mikono ya chuma iliyopinda, na makadirio mapya ya jiko la maranda: si chini ya miaka saba. Akaonyesha pia, bila kuombwa, lundo la karatasi mia tatu na kumi na moja.

Mtaalamu mmoja mwembamba alikunja mikono. "Karibu nusu ya kazi ya mwaka huu imeoza. Hatuwezi kumchukua mtu juu ya mabaki."

Nilimwona mama yule kwenye kigoda chake, na ndege isiyosubiri.

"Hatuwezi," alikubali Daktari Cirhuza. "Lakini hiki kipimo cha lalamiko linalorudi kinaweza kujaribiwa. Na hakiwezi kujaribiwa Bukavu na mtu aliyeko Shabunda." Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Tuandike barua. Tuombe wamwache mwaka mmoja. Akileta karatasi za kweli, tutazungumza."

Ofisi ya elimu ilichukua wiki tatu kujibu. Wakati huo likizo ilikuwa imeanza na sisi wawili tulikuwa tukitumikia hukumu yetu: nyumba mia tatu na kumi na moja, kwa miguu, na kila karatasi kusainiwa na mwenye nyumba. Ndiyo maana tulikuwa kwa Maman Domitille siku citoyen Bulonza alipoingia na bahasha, ametokwa na jasho. Mama yake alikuwa ameshaambiwa mjane ni nani. Alikuwa ametufokea kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya Mashi, kisha akatupatia viazi tumenye.

"Maman, wamenipa mwaka mmoja."

Alimtazama usoni kabla ya kutazama karatasi. "Mwaka muzima?"

"Mzima."

"Na kisha?"

"Kisha sijui, Maman. Bado sina karatasi za kutosha."

Nilidhani atalia, na Noëlla alikuwa tayari ameanza kwa niaba yake. Lakini yeye alifungua fundo la kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa, akamwekea mwanawe kiganjani.

"Basi uninunulie kuku ya kutaga. Tangu ile barua nilikuwa nakataa. Mutu anunue kuku ya kutaga, na mwezi wa tisa mutoto yake anaenda, nani atamuchunga? Nilikuwa nanunua ya kuchinja tu." Akatugeukia. "Na ninyi, mukamusaidie kuchagua. Huyu anajua hesabu, kuku hajue."

Tuliacha viazi, tukatoka naye kwenda soko la Kadutu. Alitembea mbele yetu, haraka, bahasha mfukoni, na tulipofika kwa wauza kuku alimchukua wa kwanza aliyemwona. Alikuwa jogoo. Safari hii tulimwambia papo hapo.